Siku ya Kikombe Kitakatifu huko Glastonbury: nyota tatu, na sababu zake

Nililipa pauni 75 kwa siku nzima, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, chakula cha mchana kikiwa ndani ya bei. Naanza na hela kwa sababu dada wawili wa kikundi chetu hapa Bristol wameshaniuliza kama inafaa, na hela ndilo lilikuwa swali lao la kwanza. La pili lilikuwa kama ni uchawi. Nitayajibu yote mawili, ila la pili litachukua nafasi kubwa zaidi.

Mimi ni mhudumu katika nyumba ya wazee, na kazi hiyo ndiyo iliyonifikisha Glastonbury, mji mdogo wa Somerset, kusini magharibi mwa Uingereza. Kwa miaka mitatu nilimhudumia bibi mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye chumbani kwake hapakuwa na televisheni. Palikuwa na rafu ya vitabu na kikombe cha bati kimewekwa juu ya kitambaa cheupe. Nilidhani ni Mkatoliki. Siku moja nikiwa namkausha miguu akanieleza kwamba miaka ya 1980 alikuwa akienda Hawkwood, karibu na Stroud, kwenye mikutano ya Gareth Knight, mwandishi na mwalimu wa ibada za namna hii, na kwamba huko watu wazima wenye kazi zao na wajukuu wao walikaa mduara, wakafumba macho, wakaingia katika hadithi ya Mfalme Arthur, yule mfalme wa hadithi za kale za Uingereza, kama mtu anavyoingia kwake. Alilisema hilo kwa utulivu uleule aliotumia kuniambia maji yamepoa. Alipofariki, mwanawe alinipa kile kikombe. Kwa hiyo nilipoona tangazo la siku ya ibada ya Grail, yaani hicho Kikombe Kitakatifu cha hadithi za Arthur, niliomba ofu siku hiyohiyo.

Jina la waandaaji silitaji. Niliwaandikia baadaye, wakanijibu kwa heshima, na nia yangu ni msomaji ajue huduma ya namna hii ikoje kabla hajatoa hela yake.

Sasa hili la uchawi. Kiingereza kina neno moja, magic, pale ambapo sisi tuna mawili au zaidi. Kwetu mchawi ni mtu wa kudhuru na mganga ni mtu wa kutibu, na hakuna anayewachanganya hata mtoto. Hii ninayoizungumzia haina dawa, haina hirizi, haina kuchinja wala kumloga mtu. Ni mila iliyoshonwa London mwishoni mwa karne ya 19, hasa katika chama cha siri cha Golden Dawn kilichoanza mwaka 1888: kusimama kuelekea pande nne za dunia, kuwasha mishumaa, kufukiza ubani, kutamka maneno kwa mpangilio, na zaidi ya yote kuijenga picha akilini mpaka picha hiyo iwe na uzito. Baadhi yao wakaona Uingereza ina hadithi zake yenyewe za kufanyia kazi hiyo. A. E. Waite, aliyepitia chama hicho, alitoa kitabu kinene juu ya Grail mwaka 1909, mwaka uleule zilipotoka karata za taroti, zile za picha ambazo watu huzitumia kubashiri, alizozibuni pamoja na mchoraji Pamela Colman Smith. Itazame karata ya kwanza ya vikombe: njiwa anashuka na mkate mtakatifu mdomoni kuelekea kwenye kikombe.

Dion Fortune, mwandishi na mwalimu wa mila hii, ndiye aliyeifunga mila hii na Glastonbury. Alikuwa na makazi chini ya kile kilima kiitwacho Tor. Vita ilipoanza mwaka 1939 alianza kuwaandikia wanafunzi wake barua, na kila Jumapili wakawa wanakaa kimya kwa wakati mmoja, kila mtu alipo, wakiijenga picha moja kwa ajili ya kuilinda nchi. Kadiri wiki zilivyokwenda, picha ikawa ni pango chini ya Tor, na ndani yake Arthur, mshauri wake Merlin, na Grail. Alifariki Januari 1946 na amezikwa hapohapo mjini. Yule bibi yangu alikuwa akimtaja kwa jina kama mtu anavyomtaja nyanya yake.

Mimi ni Mwanglikana wa Magila, Muheza. Nimekua na ubani, na chetezo kikiyumba mkononi mwa kaka yangu, na kengele ikilia padri anapoinua kikombe. Nilipofungua mlango wa ukumbi na harufu ile ikanipokea, mwili ulitulia kabla akili haijaamua lolote. Lakini kama dini yako inakuzuia, usiende. Hawatakulazimisha kutamka chochote, ila utakaa na wasiwasi kutwa nzima na hela itakuwa imepotea.

Ukumbi uko nyuma ya High Street, sakafu ya mbao, hita moja inafanya kazi na nyingine haifanyi. Tulikuwa watu kumi na wanne. Katikati walikuwa wamesogeza pamoja meza nne za kukunja na kuzifunika kwa shuka jeupe, na juu yake vitu vinne: upanga, mkuki, sahani na kikombe. Hivyo ndivyo vitu vitakatifu vya ngome ya Grail, na ndivyo vilevile alama nne za karata za taroti, ukiacha kwamba kwenye karata mkuki ni fimbo na sahani ni sarafu. Walituruhusu kuvishika kimoja kimoja. Upanga ulikuwa butu na mzito kuliko nilivyotarajia, mpini wake umezungushiwa ngozi iliyong'aa kwa jasho la mikono ya watu. Kikombe kilikuwa cha mti, kimekerezwa, na ukingo wake ulikuwa umelika upande mmoja, mahali ambapo kila anayekunywa huweka mdomo. Nilipoinamisha uso ndani nilisikia harufu ya divai ya zamani. Nilikishika muda mrefu kuliko wengine na hakuna aliyenihimiza. Kwa hili nawapa sifa zao kamili. Ningekuta vyombo vya plastiki vya dukani ningegeuza njia.

Saa nzima ya kwanza ilikuwa ya maelezo, na yule kiongozi, mzee wa makamo mwenye sauti ya upole, anajua kazi yake. Alianza na Chrétien de Troyes, Mfaransa aliyeandika miaka ya 1180 na kuiacha hadithi yake bila kuimaliza. Kijana Perceval anakaribishwa katika ngome ya mfalme aliyejeruhiwa, na wakati wa kula msafara unapita mbele yake: mkuki mweupe unaotoa tone la damu, mishumaa, msichana aliyebeba grail, na mwingine mwenye sahani ya fedha. Kwa Chrétien grail si kikombe bado, ni chombo kipana cha mezani. Aliyekifanya kiwe kikombe cha Karamu ya Mwisho ni Robert de Boron, karibu mwaka 1200. Mjerumani Wolfram von Eschenbach, miaka michache baadaye, akasema ni jiwe. Perceval anaona yote hayo, anataka kuuliza, anakaa kimya. Asubuhi anakuta ngome tupu. Kumbe swali lake ndilo lingemponya mfalme.

Na kwa nini alikaa kimya? Kwa sababu alifundishwa adabu. Katika simulizi la Wolfram mzee mmoja mwungwana, Gurnemanz, alikuwa amemfunza uungwana wote wa kivita, na akamwonya asiwe mtu wa maswali mengi. Miaka inapita, kijana anahangaika, anarudi ngomeni, na safari hii anauliza. Mfalme kumbe ni kaka wa mama yake, na swali lenyewe ni fupi: "Mjomba, unaumwa nini?"

Wenzangu wote waliandika kwenye daftari neno la Kiingereza ambalo linamfaa baba mdogo, baba mkubwa, mjomba na mume wa shangazi pamoja. Lakini lile neno la Kijerumani cha kale, kiongozi alitueleza, ni la kaka wa mama peke yake. Mimi sikuhitaji maelezo zaidi. Lugha yetu inalo neno hilo tayari, na mtu aliyelelewa nalo anajua ni mtu gani anayeitwa hivyo na ana haki gani kwako.

Hapo katikati kuna jambo moja nampunguzia. Alisimulia habari za kaburi la Arthur kana kwamba zimethibitishwa: watawa wa abasia ya Glastonbury wachimba mwaka 1191, wapata mifupa na msalaba wa risasi wenye maandishi, na mwaka 1278 Mfalme Edward wa Kwanza aja kushuhudia ikihamishiwa kaburi jipya mbele ya altare. Hayo ya watawa kutangaza na mfalme kuja ni kweli. Lakini hakusema kwamba abasia ilikuwa imeungua mwaka 1184, kwamba watawa walikuwa na shida kubwa ya fedha za kujengea, na kwamba wanahistoria wengi wanaliona lile kaburi kuwa ni kazi ya watawa wenyewe. Watu waliolipa pauni 75 wanastahili kuambiwa. Ibada haipungui nguvu kwa kusema ukweli huo. Wanaofanya ibada hizi kwa muda mrefu wanajua kwamba wanafanya kazi na hadithi, na bibi yangu alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote niliyekutana naye.

Kisha ikaja ibada ya asubuhi, na hapa ndipo nyota mbili zilipoanguka.

Tulipewa sharti la ukimya: tangu kengele ya kwanza mpaka ya mwisho hakuna kusema ila yule aliyepewa maneno. Tulisimama kuizunguka meza. Mmoja akafungua mashariki kwa upanga, mwingine kusini kwa mkuki, magharibi kwa kikombe, kaskazini kwa sahani. Ilikuwa nzuri na iliendeshwa polepole kama inavyotakiwa. Tatizo ni kwamba ratiba ilisema chakula saa saba, na saa nane kasoro dakika kumi tulikuwa bado tumesimama. Viti vilikuwa vimerundikwa kwenye kona.

Upande wa pili wa meza alikuwapo mama mmoja wa kama miaka sabini, amevaa sketi ya kijani. Ukumbi ulikuwa na baridi, lakini niliona jasho juu ya mdomo wake. Vidole vyake vikaanza kutafuta kitu kwenye kitambaa cha sketi, kitu kisichokuwapo. Kazi yangu ni kuona mambo hayo. Nilijua ni sukari imeshuka. Na sikusema. Nilihesabu mishumaa. Niliwaza kwamba kiongozi amemwona, kwamba wale wasaidizi wawili wamemwona, kwamba mimi ni mgeni hapa, mwenye sura kama yangu ni mimi peke yangu ukumbini, na sharti tumepewa sote. Inaweza kuwa ilikuwa dakika tano, inaweza kuwa kumi. Kisha goti lake moja likakunjika kidogo, nikazunguka meza nikamshika kiwiko na kumuuliza kwa sauti ya kawaida, "Mama, unaumwa?"

Nikamkalisha sakafuni, kwa kuwa viti vilikuwa mbali, nikampa pakiti ya juisi iliyokuwa mkobani mwangu. Baada ya robo saa rangi yake ilirudi. Msaidizi mmoja, mwanamke, alikuja akapiga magoti nasi na alikuwa mwema sana. Kiongozi alisubiri. Tulipokuwa tumemtoa kwenda jikoni, alirudia maneno kuanzia upande wa kusini, akamaliza, akagonga kengele. Hakumtaja yule mama, si wakati huo, si kwenye chakula, si kwenye mduara wa kuagana jioni.

Nimelifikiria hili kwa wiki mbili kabla ya kuandika. Simtuhumu kuwa na roho mbaya. Alikuwa ameshika utaratibu, kama nilivyoushika mimi. Lakini huduma inayouzwa kwa jina la swali la Perceval haiwezi kupangwa namna ambayo anayeumwa mezani hapati wa kumuuliza. Ni kasoro ya huduma yenyewe, kama vile mkahawa kukosa maji.

Chakula, kilipokuja, kilikuwa supu ya dengu, mkate wa kuoka pale pale mjini na jibini. Kitamu, cha kutosha.

Alasiri ilikuwa safari ya kufumba macho, na ningelipa tena kwa ajili ya alasiri hiyo. Safari hii tulikaa kwenye viti. Sauti ya kiongozi inakupitisha: msitu, maji, daraja jembamba, lango, ukumbi wenye moto, kitanda. Anaacha nafasi ndefu, hakujazi picha zake, na hapo ndipo ujuzi wake unapoonekana, kwa sababu anayeongoza vibaya huongea bila kupumua. Tulipofika kwenye kitanda akatuambia kila mtu aulize kwa lugha ya nyumbani kwao, moyoni.

Mjomba wangu alifariki mwaka 2019, Muheza. Kwa miezi kabla ya hapo tulikuwa tukiongea kwa simu kila Jumapili. Shikamoo mjomba. Marahaba, mzima? Mzima, nanyi huko? Sisi wazima. Na katikati ya uzima huo alikuwa akikohoa, kikohozi cha chini, akiweka simu mbali ili nisisikie. Nilisikia. Kila siku kazini nawauliza watu nisio na undugu nao wanaumwa wapi, tangu lini, kwa kiasi gani. Yeye sikumuuliza, kwa kuwa kwetu mtoto hamdadisi mtu mzima, na yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha hivyo. Basi pale ukumbini, kwenye kiti cha plastiki, hita ikigonga, nilimuuliza. Mjomba, unaumwa nini? Alinijibu. Alichonijibu sikiandiki hapa. Nilipofumbua macho kola ya blauzi yangu ilikuwa imelowa, na yule mama wa sketi ya kijani, ambaye alikataa kwenda nyumbani, alikuwa ameweka mkono wake juu ya wangu.

Saa tisa na nusu tulitembea kwenda Chalice Well, yaani Kisima cha Kikombe, mwendo wa kama robo saa. Hakuna aliyetuambia mapema kwamba kiingilio cha bustani ni juu yako mwenyewe. Si kikubwa, lakini wawili hawakuwa na hela wakabaki nje mpaka tukachangiana. Bustani yenyewe ningeipa nyota tano bila kusita. Inatunzwa na wakfu ulioanzishwa mwaka 1959 na Wellesley Tudor Pole, na imepangwa kwa ngazi kufuata maji yanavyoshuka kutoka kisimani. Kifuniko cha kisima kina duara mbili zilizoingiliana na mstari kama mkuki unaozipasua, kazi ya Frederick Bligh Bond, kilichotolewa mwaka 1919 kama shukrani ya amani baada ya vita. Maji yanatoka zaidi ya lita laki moja kwa siku, na baridi yake haibadiliki, nyuzi 11 kiangazi na kipupwe. Yana chuma nyingi, kwa hiyo kila yanapopita mawe yamekuwa mekundu ya kutu, na wenyeji husema ni kwa sababu Kikombe kimefukiwa chini. Unakunywa kwenye bomba lenye kichwa cha simba. Ladha ni kama ulimi umegusa msumari, kisha inabaki kitu kisafi. Tulikaa pale dakika arobaini na hakuna aliyetaka kuondoka. Tor hatukupanda, mvua ilianza.

Kwa anayetaka kwenda: basi namba 376 kutoka Bristol linapita Wells na kufika Glastonbury, kama saa moja na nusu. Vaa soksi nzito. Beba chupa ya kutekea maji ya bomba la simba, na kama una kisukari beba chakula chako hata wakikuahidi nini. Wasioelewa Kiingereza vizuri watapotea kwenye safari ya kufumba macho, maana haina kurudia. Waandaaji walijibu barua yangu siku ya tatu. Wanasema watapanga viti kuzunguka ukuta, chakula kitakuwa saa saba kamili, na sharti la ukimya litatangazwa pamoja na ruhusa ya kulivunja mtu akiumwa. Walimpigia simu yule mama pia, naye amenithibitishia. Wakiyatimiza hayo, nitaongeza nyota ya nne, na nimeshaangalia tarehe za masika.

Maji niliyoteka niliyamimina kwenye kile kikombe cha bati cha bibi, kikakaa dirishani siku tatu. Yamekauka na kuacha mduara mwekundu ndani. Sijausugua.